Faili Nyembamba: Mwanafunzi wa Sanaa Ndani ya Maktaba ya Makumbusho

Wageni wengi wanaoingia makumbusho hawajui kwamba nyuma ya kuta zenye picha kuna maktaba. Wanasoma kile kibandiko kidogo pembeni ya mchoro, chenye jina la msanii, mwaka na vifaa vilivyotumika, kisha wanasogea kwenye mchoro unaofuata. Ule mwaka haukujiandika. Kuna mtu alikaa na makaratasi akautafuta, akaulinganisha na ushahidi mwingine, ndipo akakubali uchapwe. Mara nyingi makaratasi hayo ameyapata maktaba. Nilipoajiriwa kwa muda kama msaidizi katika maktaba ya namna hiyo, huku nikiendelea na masomo ya sanaa, nilianza kuona upande huo wa kazi ambao darasani tulikuwa tunaupita juu juu.

Chuoni nilikuwa nimejikita kwenye uchapaji na utengenezaji wa vitabu kwa mkono. Mradi wangu mkubwa wakati huo ulitokana na droo moja ya karakana yetu, droo ambayo hakuna aliyeijali. Ilijaa zana zilizoachwa na wanafunzi waliotangulia: patasi ndogo za kuchongea lino, yaani shiti laini la kutengenezea chapa, rola zilizogandiana na wino, kisu kilichovunjika ncha, vipande vya mfupa vilivyolainishwa vya kukunjia karatasi. Zana nyingi zilikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwenye mpini ili mwenyewe asiibiwe. Mwenyewe ameshaondoka, herufi zimebaki. Nilitaka kuzipiga picha zana hizo bila kamera, moja moja, halafu nizikusanye kwenye kitabu.

Njia niliyochagua ni sianotaipi. Aliyeigundua ni John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1842. Unachanganya chumvi mbili za chuma, amonia feriki sitreti na potasiamu ferisianidi, unapaka mchanganyiko huo kwenye karatasi kwa brashi ukiwa mahali penye mwanga hafifu, unaacha ukauke. Kisha unaweka kitu chako juu ya karatasi na kuitoa juani. Penye jua panabadilika rangi, palipofunikwa panabaki vilevile, na ukiosha kwa maji unapata buluu nzito yenye umbo jeupe katikati. Raha ya patasi ni kwamba mpini wake ni wa mviringo. Sehemu iliyogusa karatasi inatoka na ukingo mkali kama umekatwa na wembe, na sehemu iliyoinuka kidogo inatoka na ukungu wa buluu hafifu pembeni, kwa sababu mwanga umepenya chini yake. Ukiitazama picha kwa makini unajua zana ililaliaje. Nilikuwa naweza kukaa muda mrefu nikitazama tofauti hiyo tu.

Basi nikaanza kazi maktaba nikiwa na mikono yenye madoa ya buluu kwenye kucha.

Siku za mwanzo hazikuwa za kusoma vitabu. Mkutubi mkuu, mama mmoja mpole lakini asiyekubali jambo lifanywe nusunusu, alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu. “Zikague kwanza hizi, mwanangu, kimoja baada ya kingine. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea.” Kwa hiyo nikawa napita rafu baada ya rafu nikilinganisha namba za migongoni mwa vitabu. Ni kazi inayochosha shingo, lakini inakufundisha ramani ya taaluma yako kuliko mhadhara wowote niliowahi kuhudhuria. Maktaba ile inatumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo sanaa ni herufi N: NC ni michoro ya mkono, ND ni uchoraji wa rangi, NE ni uchapaji, NK ni sanaa za mapambo. Lakini upigaji picha haupo huko. Upo TR, ndani ya T, ambayo ni teknolojia, pamoja na TT yenye kazi za mikono. Vitabu vya ujalidi, yaani ushonaji na ufungaji wa vitabu, ndiyo kabisa, vipo Z pamoja na mambo ya ukutubi.

Jambo hilo lilinigusa. Mradi wangu mmoja, wenye picha za jua, zana za kuchapia na mshono wa kitabu, ulikuwa umegawanyika kwenye pembe tatu za jengo. Mpangilio ule ulitungwa na watu walioona kamera kwanza kama mashine, na hadi leo anayetafuta vitabu vya wapigapicha anaondoka kwenye sanaa na kwenda kutafuta kwenye ufundi. Simlaumu mtu, maana kitabu lazima kikae mahali fulani. Ila nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wenzangu wanaokuja kutafuta kwamba wasiishie N, washuke mpaka T na Z, kwa sababu nusu ya walichokuja kukitafuta ipo huko.

Kuhusu namna ya kushika vitu, niseme machache tu. Ndani ya chumba cha kusomea ni penseli peke yake, kalamu ya wino inabaki nje. Zile glavu nyeupe za pamba zinazoonekana kwenye filamu hazitumiki kwa vitabu na karatasi, kwa sababu zinakunyima hisia ya vidole na ukurasa unaweza kuchanika. Mikono iliyooshwa na kukauka vizuri inatosha. Glavu ni za picha za kamera, na hizo ni za nitraili, aina ya mpira. Kitabu kizee hakifunguliwi kikalala bapa mezani, kinaegemezwa kwenye vipande vya sponji pande zote mbili ili mgongo wake usilazimishwe. Na unyevu hewani ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu unaanza kujipatia makazi, ndiyo maana kipimo kidogo kilichopo ukutani husomwa kila asubuhi kabla ya jambo lingine lolote.

Kilichonibadilisha hasa ni faili za wasanii.

Karibu kila maktaba ya makumbusho ya sanaa inazo. Ni makabati yenye folda zilizopangwa kwa majina, na ndani ya kila folda kuna vile vitu ambavyo havistahili kuitwa kitabu: kadi za mwaliko, vipeperushi vya maonyesho, orodha za bei za kazi zilizotundikwa, vipande vya magazeti, wasifu uliochapwa kwa taipureta, barua fupi ya shukrani. Kazi yangu ilikuwa kuondoa pini za stepla na vibanio vya chuma vinavyoshika kutu, kuhamishia yaliyomo kwenye folda zisizo na asidi, na kuandika kwa penseli mwaka wa kila kipande kama unajulikana. Stepla yenye kutu haivutwi hivihivi. Unapitisha kipande chembamba cha plastiki chini yake, unanyanyua mguu mmoja, halafu wa pili, ukiishika karatasi kwa kidole ili isije ikachanika kwenye tundu.

Kuna faili nene hadi zimegawanywa folda tatu. Kuna nyingine zina karatasi moja. Na unene hauna uhusiano wa moja kwa moja na ubora wa kazi. Nasema hivyo baada ya kutazama picha zilizochapwa humo, faili moja hadi nyingine. Nene ni ya yule ambaye yeye, mwenzi wake au jumba lake la maonyesho lilikuwa na tabia ya kutunza makaratasi. Andy Warhol, msanii Mmarekani, alianza mwaka 1974 kutupia kwenye maboksi chochote kilichopita mezani kwake, barua, mialiko, risiti, magazeti, na yakafikia 610. Leo yanatunzwa kwenye makumbusho yenye jina lake huko Pittsburgh, na watafiti wanaweza kufuatilia shughuli zake kwa undani wa ajabu. Kwa upande wa pili wapo waliofanya kazi maisha yao yote, wakafundisha, wakaonyesha, na kilichobaki maktaba ni kadi moja.

Kadi kama hiyo niliishughulikia kwa muda mrefu kidogo. Ilikuwa ya mwaliko, imechapwa kwa ofseti rangi mbili, jina la msanii kwa herufi kubwa, na maelezo kwamba ufunguzi ni Ijumaa tarehe 14 Machi, jioni. Mwaka haukuandikwa. Aliyeichapa alijua ni mwaka gani na kila aliyealikwa alijua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuandika. Sasa hakuna anayejua. Mkutubi alivuta kiti akakaa kando yangu, akanionyesha jinsi ya kuitoa siri hiyo kwenye karatasi yenyewe.

Siku ya wiki na tarehe vikiandikwa pamoja, miaka inayowezekana ni michache. Tarehe ileile hurudi kwenye siku ileile baada ya miaka 5, 6 au 11, kutegemea mwaka mrefu, wenye siku 366, umeangukia wapi. Tarehe 14 Machi ilikuwa Ijumaa mwaka 1969, 1975, 1980, 1986, halafu ikaruka hadi 1997. Tayari umetoka kwenye karibu miaka thelathini ukabaki na mitano. Baada ya hapo unaangalia namba ya simu ina tarakimu ngapi, anwani ya posta imeandikwa kwa mtindo upi, jumba lile la maonyesho lilikuwa kwenye mtaa huo wakati gani. Unaangalia na majina mengine. Kwenye kadi ile kulikuwa na msanii wa pili, jina dogo chini, na yeye alikuwa na faili nene. Tulipoifungua tukakuta wasifu wake, na kwenye orodha ya maonyesho yake jumba lile limetajwa: 1986. Mkutubi akanipa penseli. Nikauandika mwaka ndani ya mabano ya mraba, kwa sababu mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba taarifa hii haikutoka kwenye kadi yenyewe, imetafutwa.

Nimetengeneza kazi ambazo zilipata alama nzuri darasani. Hakuna iliyonipa furaha kama ile ya kuandika tarakimu nne kwa penseli.

Ndipo nikarudi kumsoma upya Anna Atkins, mwanamke Mwingereza ambaye kila mwanafunzi wa sianotaipi anaambiwa habari zake. Mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya ugunduzi wa Herschel, alianza kutoa kwa awamu kitabu cha mwani wa baharini, kila ukurasa ukiwa ni sianotaipi halisi, na hata maneno aliyaandika kwa mkono na kuyachapa kwa njia hiyohiyo. Kinatambulika kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za mwanga. Aliendelea nacho hadi 1853. Utangulizi wake aliutia sahihi kwa herufi mbili, A.A. Baada ya kifo chake, mwishoni mwa karne hiyo ya 19, aliyeandika kuhusu kitabu hicho hakujua ni cha nani, akadhani herufi zile zinamaanisha “Anonymous Amateur”, yaani mtu asiyejulikana anayefanya kwa mapenzi yake. Kazi kubwa kiasi hicho, na jina lake lilikuwa linaanza kuponyoka ndani ya miongo michache tu. Darasani habari hii tulipewa kama kisa cha kupendeza. Baada ya kushika zile faili nyembamba, niliisoma kwa uchungu. Na zaidi ya yote nilikumbuka ile droo ya karakana, patasi zenye herufi mbilimbili kwenye mipini.

Mradi wangu ukabadilika kuanzia kwenye vifaa. Maktaba inanunua folda na maboksi yaliyotiwa alkali kidogo, ili asidi inayotoka kwenye karatasi za kawaida izimwe kabla haijala nyuzi. Kwa magazeti na vipeperushi hiyo ni dawa nzuri. Kwa sianotaipi ni hatari, kwani buluu yake huvunjika ikikutana na alkali na kugeuka kuwa rangi ya kahawia iliyochakaa. Fundi wa uhifadhi wa makumbusho ndiye aliyenieleza hivyo, siku aliyopita na kuniona natazama picha zangu wakati wa mapumziko. Akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: sianotaipi iliyofifia kwa kukaa kwenye mwanga hurudisha sehemu ya buluu yake ikiwekwa gizani, kwa sababu oksijeni ya hewani inairudishia kilichoondoka. Nikatafuta karatasi ya pamba tupu isiyotiwa alkali. Ni ghali kuliko niliyozoea, na inakunywa mchanganyiko kwa kasi, kwa hiyo mkono lazima uende haraka na brashi isirudi nyuma.

Upande wa kujalidi, nilijifunza kutokana na maafa. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mjini Florence, Italia, na kuingia Maktaba ya Taifa iliyopo pale. Vijana wengi, wakiwemo wanafunzi kutoka nchi nyingine, walijipanga mistari wakipokezana vitabu vilivyojaa tope. Mafundi waliokwenda kuviokoa waligundua jambo: vitabu vingi vya zamani vilivyokuwa na majalada laini ya ngozi, vilivyoshikiliwa na mshono kuliko gundi, vilikuwa vimestahimili maji vizuri kuliko majirani zake. Mmoja wao, Christopher Clarkson, baadaye aliandika utafiti juu ya majalada hayo, na mawazo hayo yakaathiri ujalidi wa uhifadhi mpaka leo. Nilipousoma utafiti huo niliachana na mpango wa mgongo wa gundi. Kitabu changu nikakishona kwa uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta, na pale gundi ilipohitajika nikatumia ya wanga wa ngano, ambayo fundi wa kesho anaweza kuilainisha kwa maji na kuibandua bila kuumiza karatasi. Ninapenda sana wazo hilo la kumfikiria fundi wa kesho wakati sindano iko mkononi.

Halafu zikaja zile herufi. Awali nilikuwa nataka zibaki fumbo kwa sababu fumbo linapendeza kwenye maonyesho. Baada ya maktaba sikuweza tena kuliona fumbo kama pambo. Maktaba yetu ina boksi la vipeperushi vya maonyesho ya wahitimu, vyembamba, vingine ni karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, vyenye orodha ya majina nyuma. Nikaomba ruhusa nikaanza kulinganisha. Baadhi ya herufi zilipata mtu mmoja tu anayewezekana. Patasi yenye R.S. ilipata wawili, wa miaka miwili inayofuatana, na wote walisomea uchapaji. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, ule wa maelezo ya uchapaji, nimeandika majina yote mawili na kueleza kwamba ushahidi hautoshi kuchagua. Nyingine hazikupata mtu, na hilo nalo limeandikwa.

Ukurasa huo ndio niliouhangaikia kuliko picha zote. Una aina ya karatasi, viambato vya kemikali, uzi, gundi, mwezi na mwaka ambao picha zilitolewa juani, idadi ya nakala, mahali zana zilipokutwa. Mwalimu wangu aliuliza kama maelezo yote hayo hayaui hisia za kazi. Nilimwambia nimeona folda yenye kadi moja isiyo na mwaka, na kwamba siwezi kumfanyia hivyo mtu atakayekuja kufungua folda yangu, kama itakuwepo. Aliuachia ukurasa ulivyo.

Nakala moja imeingia maktaba. Sikuruhusiwa kuiandikia katalogi mwenyewe, na naona ni haki. Mkutubi aliiandika nikiwa nimekaa pembeni kujibu maswali yake. Alipima urefu kwa sentimita, akataja mbinu, akaweka onyo kwamba isihifadhiwe kwenye folda yenye alkali, kisha akaingiza kila jozi ya herufi na kila jina lililopendekezwa kwenye sehemu ya maelezo, ili atakayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo afikishwe hapo. Kwa namba aliiweka NE, kwenye uchapaji, na akaongeza kiungo kinachomwonyesha msomaji wa TR kwamba ipo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaandikia wahitimu wa zamani ambao chuo bado kina mawasiliano yao, nikiwatumia picha za zana. Wengi hawajajibu. Mmoja alikitambua kile kisu kwa ncha yake iliyovunjika kabla hata hajazisoma herufi, akaniandikia alikuwa anachonga nini siku kilipovunjika na kunitumia picha ya chapa yenyewe, ambayo haikuwa kwenye faili yake. Sasa ipo, na mwaka wake. Ameomba arudishiwe kisu, na chuo kimekubali.